Mahakama ya Mwanzo ni ya Nani?



Katika nchi yetu ya Tanzania, mtu maskini akisema kwamba amepelekwa mahakamani, kwa kawaida ana maana moja tu: amepelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mahakama Kuu huisikia redioni. Kwa mkulima, kwa mama lishe na kwa mjane wa kijijini, Jamhuri yote pamoja na Katiba na sheria zake huvaa sura ya mtu mmoja, hakimu aliyeketi nyuma ya meza, na karani wake pembeni. Kwa sababu hiyo twaudhika tunapowasikia wasomi wetu wakiiita "mahakama ndogo". Ni ndogo kwa nani? Ekari mbili za migomba ni kitu kidogo kwa mwenye ekari elfu. Kwa asiye na nyingine, ndiyo dunia yake.

Mahakama hii ina historia, nayo yafaa ijulikane. Wadachi walituwekea maakida na majumbe, waliokusanya kodi, wakawakamata wasiolipa, kisha wakawahukumu wao wenyewe. Waingereza wakawapa machifu mabaraza ya kuhukumu, na kwa sheria ya mwaka 1929 wakaamua kwamba Mwafrika asiyeridhika na hukumu ya baraza hilo apeleke rufaa kwa Bwana Shauri na wakubwa wake wa utawala. Majaji wa Mahakama Kuu hawakumhusu. Uhuru ulipopatikana, Bunge lilipitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, na ngazi ikawa moja kwa watu wa rangi zote: Mwanzo, Wilaya, Mahakama Kuu. Mwaka huo huo uchifu wa kiserikali ukafutwa. Lilikuwa tendo kubwa la haki, nasi twalisifu bila kusita. Sheria ya mwaka 1984 iliyoshika nafasi ya ile ya kwanza iliwaketisha pamoja na hakimu washauri wa mahakama, raia wa kawaida wasiosomea sheria, na kuagiza kwamba panapokuwa na tofauti kura za wengi ziamue, hata kama hakimu ni miongoni mwa walioshindwa. Na lugha ya humo ilikuwa Kiswahili tangu awali, wakati mahakama za juu ziliandika hukumu zao kwa Kiingereza kwa miaka mingi, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021.

Basi kama msingi ulikuwa mwema, nyufa zilianzia wapi?

Ziko kadhaa, lakini ulio mpana kupita yote umo katika mirathi. Mwaka ule ule wa 1963 Serikali ilichapa kanuni za urithi wa kimila katika Tangazo la Serikali Na. 436. Humo mabinti waliwekwa daraja la mwisho la warithi, na mjane akanyimwa fungu katika mali ya mumewe endapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Alipaswa kutunzwa na watoto wake. Katiba ilipoongezewa sura ya haki za binadamu mwaka 1984, na ibara ya 13 ikakataza ubaguzi, kanuni zile zilibaki mezani pa hakimu kama zilivyo. Mashauri ya ardhi kwa ujumla yamehamishiwa kwenye mabaraza ya ardhi tangu mwaka 2003, lakini mirathi ya kimila na ya Kiislamu ilibaki Mahakama ya Mwanzo, na mirathi ya kijijini ni nini kama si shamba na nyumba?

Tuangalie shauri moja linalojulikana kwa kila mwanafunzi wa sheria, lile la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, la mkoa wa Kagera. Mwanamke huyo alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Umri ulipomwelemea na kukosa wa kumtunza, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Kesho yake mwanamume wa ukoo akakimbilia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ikakubali na kubatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ikaitengua hukumu hiyo kwa kuitaja Katiba, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akathibitisha kwamba wanawake na wanaume wa ukoo wana haki sawa ya kuuza.

Tunamshukuru Jaji, lakini tuulize swali gumu zaidi. Yule mzee alifika Mwanza. Ni wajane wangapi waliosimama Kashasha na penginepo pengi, wakasikia hukumu ikisomwa, wakafunga vitenge vyao na kurudi nyumbani kuhamisha vyombo? Hata waliopanda ngazi hawakufika salama. Wajane wawili, washona nguo, walikwenda Mahakama Kuu kuzipinga kanuni zile za 1963. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kwamba zinabagua, ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa sababu ya kasoro ya hati. Walilazimika kwenda hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema kwamba Tanzania ilivunja haki zao. Mshona nguo aende mpaka Geneva kutafuta cherehani na nyumba aliyoijenga na mumewe!

Watatujibu wazee wetu, nasi twawaheshimu: "Padre, mnaingilia mila." Twawajibu kwa adabu kwamba mila inayosomwa mahakamani ni tangazo la Serikali, lenye namba na mwaka. Mila ya babu zetu iliposema kwamba mali ibaki kwa ukoo, ilisema pia kwamba ukoo umlishe mjane, umtibie, usimhamishe alipo. Leo shemeji anachukua nusu ya kwanza ya mila na kuisahau ya pili. Anafika siku ya tatu baada ya mazishi akiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo ambacho mjane hakuitwa, umegongwa muhuri, na ndani yake yeye ndiye msimamizi wa mirathi. Tena huenda ni mwanakwaya.

Msimamizi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia wenye haki na kuleta hesabu mahakamani katika muda uliowekwa. Hakimu asiyemdai msimamizi hesabu hiyo amempa mwizi hati ya serikali.

Kuhusu hakimu mwenyewe tusiwe wepesi wa matusi. Wapo mahakimu waadilifu waliofanya kazi miaka mingi katika majengo yanayovuja, mishahara ikichelewa, wakipanga nyumba kwa mtu ambaye kesho atakuwa mdaiwa mbele yao. Majengo sasa yameanza kuwa bora, na ada hulipwa kwa namba maalumu bila kupita mkononi mwa karani. Lakini Tume ya Jaji Warioba, katika taarifa yake ya mwaka 1996, iliitaja mahakama miongoni mwa mahali palipooza kwa rushwa, na rangi mpya ya ukuta haifuti jambo hilo. Nanyi mnaotoa "chai" ili faili lionekane, mkisema ni desturi, fahamuni kwamba kwa sheria ya mwaka 2007 mtoaji ana kosa sawa na mpokeaji. Aliye na mbuzi wa kutoa leo amemfundisha hakimu bei. Asiye na mbuzi ndiye atakayeilipa.

Liko jambo jingine ambalo hatuwezi kulinyamazia. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 iliunda kamati ya maadili ya wilaya ya kupokea malalamiko juu ya mahakimu, na ikamfanya Mkuu wa Wilaya kuwa mwenyekiti wake. Mkuu wa Wilaya ni mteule wa Rais na mkono wa Serikali. Je, hakimu atamwachia huru mtu aliyekamatwa kwa amri ya yule anayemchunguza maadili? Bwana Shauri wa mwaka 1929 tulimwaga kwa ngoma. Kiti chake tusimwekee mwingine. Twataka kamati hiyo iongozwe na mtu wa Mahakama, na raia wapate nafasi humo. Mpaka hapo itakaporekebishwa, itumieni hiyo iliyopo, kwa maandishi.

Twaomba kila jumuiya iwe na watu wawili, mmoja awe mwanamke, watakaofuatana na mjane au yatima siku ya shauri. Wasiseme kitu, mahakama ni ya wazi, waketi tu na kusikiliza, wakiandika tarehe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, basi parokia ipeleke vijana wake wakasomee kazi hiyo. Tangazo la mirathi likibandikwa, lisomwe pia baada ya Misa, ili mwenye pingamizi alipeleke mapema. Na hukumu ikisomwa, mtu aombe nakala siku hiyo hiyo, kwa barua, abaki na nakala ya barua yake. Muda wa kukata rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30, na siku hizo huanza kuhesabiwa hata kama karani amesafiri. Akiambiwa kwamba faili halionekani, amwombe karani aandike hivyo kwenye karatasi na kugonga muhuri.