Faida ya Ndege Asiye na Nyama

Wavulana waendao mwituni na manati husema kwamba ndege mdogo hafai ila kupigwa, maana hata nyama yake haijazi kiganja. Hayo husemwa pia juu ya mkamata nzi mwenye mkia mrefu, nayo ni maneno ya watu wasiomtazama.

Ndege huyu yuko katika nchi nyingi za Afrika, kusini ya Sahara. Hupenda pembezoni mwa misitu, kando ya mito, na bustani zenye miti mikubwa. Kichwa chake ni cheusi chenye kung'aa, na kishungi juu yake. Jicho limezungukwa na pete ya buluu. Mgongo na mkia ni wa rangi ya hudhurungi, ingawa madume wengine huwa weupe. Majira ya kuzaa, mkia wa dume huweza kuupita mwili wake kwa urefu.

Hukaa kivulini juu ya tawi, akigeuza kichwa huku na huku. Mdudu akipita, huruka ghafula, akamnasa hewani, kisha akatua tena. Nzi, nondo, kumbikumbi, wote ni chakula chake. Wala hamwombi mwenye shamba hata punje moja ya mtama.

Kiota chake ni kama kikombe cha kahawa, kimewekwa katika panda ya tawi jembamba. Hukisuka kwa mizizi myembamba na nyuzi za magome, hukifunga kwa utando wa buibui, na mara nyingi hukipamba nje kwa vigaga vya kijivu viotavyo juu ya miti, hata mtu akadhani ni kifundo cha tawi tu. Mayai ni mawili au matatu. Dume na jike huatamia kwa zamu kadiri ya majuma mawili, na makinda huwalisha wote wawili. Dume akiatamia, mkia wake huning'inia nje ya kiota. (Wako waume wasio na mkia wa kuwazuia, nao hawashiki zamu.) Basi jiwe likimpata mmoja, aliyebaki hawezi kuwinda na kuyafunika makinda kwa wakati mmoja.

Mtu atajibu kwamba ndege hawa ni wengi. Ni kweli, hawajawa adimu. Lakini wingi wao barani haumfai mwenye shamba ambaye miti yake imenyamaza.

Hata hivyo, si haki kuwalaumu watoto peke yao. Jiwe la manati huharibu kiota kimoja. Shoka la mtu mzima huondoa miti yote ya ukingo wa mto, pamoja na kivuli, na wadudu, na panda za matawi. Mvulana aliyenyang'anywa manati yake anaweza kuuliza ni nani atakayelichukua shoka la baba yake, na swali hilo wazee wa kijiji hawajalijibu.