Mcheza Kwao Hutunzwa na Nani?

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii huimbwa harusini na kukaririwa shuleni, na ni wachache waipimao kabla ya kuitumia. Mwenye kutaka kuipima na aende nayo Ugogo, nchi ya mibuyu na vumbi jekundu, ipitwayo na reli ya kati ielekeapo Manyoni. Huko atakuta mcheza kwao amesifiwa, amepigiwa makofi, amevikwa hata heshima ya kuitwa mlinzi wa mila. Lakini hakutunzwa kwa tuzo lile lidumulo kuliko fedha, yaani kuandikwa. Ni tuzo hilo linalodaiwa hapa, na wadaiwa ni wasomi.

Mfano wa mbali husaidia kuona kilicho karibu. Mwaka 1982, katika mji wa Manchester, Uingereza, vijana waliunda bendi ya magita iliyoitwa The Smiths. Hawakuwa watoto wa matajiri, na santuri zao zilitolewa na Rough Trade, kampuni ndogo iliyojitegemea. Bendi ilitoa albamu 4 za studio, ikavunjika mwaka 1987. Waingereza hawakusema kwamba miaka 5 ni michache mno kuwa na historia. Waliandika nani alikutana na nani, nani alitunga maneno na nani alitunga tuni, nani aligombana na nani na kwa sababu gani.

Mtu asidhani kwamba maandishi ya namna hiyo ni mchezo wa vijana wasio na kazi. Mpiga ngoma wa bendi hiyo, Mike Joyce, alikwenda mahakamani kudai sehemu yake. Wenzake wawili, Morrissey na Johnny Marr, walikuwa wakichukua asilimia 40 kila mmoja, na kumwachia yeye na mpiga besi asilimia 10 kila mmoja. Mwaka 1996 jaji aliamua kwamba Joyce alikuwa mshirika sawa na wenziwe, na kwamba alistahili asilimia 25 ya mapato ya kupiga na kurekodi. Hapo ndipo ionekanapo faida ya kujulikana nani alikuwa nani. Bendi ikiwa na historia, hata mpiga ngoma aketiye nyuma ana mahali pa kusimama na kusema: nami nilikuwapo.

Tanzania nayo haikosi bendi zenye historia. Morogoro Jazz iliundwa mwaka 1944, na mashabiki wa dansi wajua jinsi Mbaraka Mwinshehe alivyoipatia sifa kwa gita lake, alivyoiacha akaunda Super Volcano, na alivyofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Nuta Jazz ilianzishwa mwaka 1964, na wazee wa Dar es Salaam waweza kubishana usiku kucha juu ya nani alihama kutoka bendi ipi kwenda ipi. Hayo ni mema. Lakini msafiri akitoka Morogoro akapanda uwanda wa kati, majina hukoma ghafla. Hukutana na neno moja tu: ngoma ya Wagogo. Mpiga gita ana jina. Mpiga ilimba ana kabila. Mpiga gita ana mwaka wa kuanza na mwaka wa kuacha. Mpiga ilimba husemwa kuwa yupo tangu kale, kama kilima.

Mazoea haya ni dhuluma, na yafaa yaitwe kwa jina lake.

Itazamwe habari ya Hukwe Ubi Zawose na jamaa zake. Hukwe alizaliwa Ugogo, akakulia katika kazi ya ng'ombe na muziki, akawa hodari wa ilimba, wa zeze na wa sauti. Baada ya uhuru sifa zake zilimfikia Mwalimu Nyerere, naye akatwaliwa kwenda pwani kuitumikia sanaa ya taifa. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, alikuwa miongoni mwa nguzo zake. Kutoka hapo alizunguka ulimwengu pamoja na jamaa zake, na hasa na mpwawe, Charles Zawose. Mwaka 1996 albamu yake iitwayo Chibite ilitolewa na Real World, kampuni iliyoanzishwa na Peter Gabriel, Mwingereza aliyekuwa kwanza mwimbaji wa bendi ya Genesis. Mwanzoni mwa karne hii alitoa Assembly pamoja na mpiga gita Michael Brook wa Kanada. Alifariki Bagamoyo mwezi Desemba 2003, na Charles akamfuata mwaka 2004.

Je, kikundi kilikufa? Hakikufa. Mwanawe, Msafiri Zawose, alitoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa Maisha, tena kwa kampuni ileile ya Real World. Hesabu ni rahisi: bendi ya Manchester ilidumu miaka 5, na nyumba hii ya muziki imevuka miaka 40 na kupita vizazi viwili hadi cha tatu. Ikiwa urefu wa maisha, wingi wa safari, mabadiliko ya wachezaji, vifo na ufufuo ndivyo vifanyavyo historia ya bendi, basi hapa historia imejaa tele. Kilichopungua ni mwandishi wa kuiandikia Kiswahili, lugha ya wale waliomlea Hukwe na wale aliowaachia muziki wake.

Watetezi wa mazoea wana hoja tatu, na kila moja yastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza husema kwamba muziki wa asili hauna mwenyewe. Ni mali ya kabila zima, kwa hiyo kutaja mtu mmoja mmoja ni kuiga ubinafsi wa Wazungu. Hoja hii huvaa joho la heshima, lakini ndani yake mna uvivu. Ilimba haichongwi na kabila. Huchongwa na mtu, naye huamua ukubwa wa sanduku lake, idadi ya vijiti vya chuma, vipi vipigwe kwa vidole na vipi viachwe viitikie vyenyewe wenzi wao wakipigwa. Kabila halina koo la kuimbia. Mtu mmoja huongoza na wengine humjibu, na mwenye masikio hujua ni nani aliyechukua sauti ipi. Asili ni shamba la wote, lakini kila tuta lina aliyelilima. Tena wazee wa Ugogo hawakuwa na tabia ya kusahau majina. Ukimwuliza mzee nani alimfundisha zeze, atakutajia mtu na mahali. Aliyesahau ni karani, si mpigaji.

Isitoshe, asili isiyobadilika ni ndoto ya wasioisikiliza. Ngoma za muheme katika Ugogo ni ngoma za wanawake. Lakini ilimba na zeze aghalabu zilishikwa na wanaume, na wanawake wa nyumba ya Zawose waliimba nyuma yao kwa miaka mingi. Leo Pendo na Leah wamesimama mbele, na jina la kikundi ni lao. Hilo ni tukio. Lina kabla na lina baada, lina waliopendezwa na bila shaka lina walionung'unika. Mwenye kuliita asili tu analifuta tukio lenyewe, na kuwanyima wanawake hao sifa ya jambo walilolitenda kwa ujasiri.

Wala madhara hayaishii kwenye sifa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huitambua kazi ya mtunzi, na sanaa ya mapokeo huitengea fungu lake mbali. Mgawanyo huo una sababu zake, kwani yapo kweli yaliyo ya wote. Lakini msomi akiandika kwa kalamu ya haraka kwamba wimbo fulani ni wa mapokeo, ilhali uko mtu aliyeutunga na jirani zake wanamjua, amemwondoa mtu huyo katika fungu moja na kumtupa katika jingine. Mpiga ngoma wa Manchester alipata robo yake kwa sababu ilikuwa wazi kwamba alikuwamo. Mpiga muheme atadai robo gani, ikiwa maandishi yamesema hakuwamo mtu?

Hoja ya pili husema kwamba kazi imekwisha kufanywa na wageni. Ni kweli kwamba wageni wamefanya kazi. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akinasa nyimbo na ala, na Wagogo walikuwa miongoni mwa aliowarekodi. Mspania Polo Vallejo ametumia miaka mingi akichunguza jinsi Wagogo wanavyopanga sauti zao, na kuwaonyesha wanamuziki wa Ulaya kwamba huko Dodoma kuna elimu ya sauti nyingi isiyokopwa kanisani. Kampuni za Uingereza zimetoa albamu. Washukuriwe. Lakini shukrani si hati ya kuhamisha wajibu. Maelezo yaliyochapwa juu ya jalada la albamu huandikwa Kiingereza kwa ajili ya mnunuzi; msichana wa Kongwa apendaye kujua nyanya yake aliimba na nani hakuandikiwa yeye. Na mgeni, hata akiwa mwadilifu, huchagua kinachomgusa yeye. Mlango ukiwa na mlinzi mmoja, hupita wale awapendao.

Yuko mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba kazi hii yawezekana nyumbani na kwa Kiswahili. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma, alichapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo mwaka 1954. Hakungoja ruhusa ya chuo kikuu, maana wakati huo Tanganyika haikuwa nacho hata kimoja. Alikusanya habari, akaziandika kwa lugha isomwayo na wengi. Leo Dodoma ni makao makuu ya serikali, na Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu mwaka 2007 juu ya vilima vyake. Ikiwa mtu mmoja aliweza kuandika habari za Wagogo kabla ya uhuru, ni udhuru gani walio nao walimu waliojaa shahada?

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na haifai kuchekwa. Husema kwamba Ugogo ni nchi ya ukame. Anayelilia mvua hana haja ya historia ya bendi. Hapana budi kukiri kwamba njaa ya Mtunya ya miaka 1917 hadi 1920 iliua watu wengi mno, na kwamba mvua haba ni habari ya kila kizazi. Lakini angalia matokeo ya fikira hiyo. Ugogo imeandikwa sana kwa upungufu wake: magunia yaliyokosekana, ng'ombe waliokufa, watu waliohama. Watu walioandikwa kwa njaa tu hugeuka machoni pa wengine kuwa njaa yenyewe. Ombaomba wa Kigogo amekuwa mfano wa mdomoni katika miji ya nchi hii, na wanaoutumia hawajui kwamba jamii hiyohiyo iliupa ulimwengu elimu ya muziki ambayo maprofesa wa Ulaya wamepanda ndege kuja kujifunza. Historia ya muziki haishibishi tumbo. Lakini huondoa dharau, na dharau ni ukame wa namna yake.

Lawama nayo iwekwe mahali pake. Mwezi Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba wasomi walijua dansi za kigeni na kutojua ngoma za kwao. Nia ilikuwa njema. Lakini katika utekelezaji wake ngoma iligeuzwa mara nyingi kuwa pambo la kupokelea wageni: kikundi kikapangwa uwanjani, kikavikwa sare, kikatangazwa kwa jina la mkoa. Taifa lilipata alama yake, na wachezaji wakapoteza majina yao. Hukwe mwenyewe aliokoka kwa sababu kipaji chake kilikuwa kikubwa kupita sare. Waliosimama kushoto na kulia kwake hawakuwa na bahati hiyo.

Tiba si ngumu. Katika Wilaya ya Chamwino limekuwapo tamasha la muziki wa Cigogo tangu mwaka 2009, na wapigaji hukusanyika hapo kutoka vijiji mbalimbali. Mwanafunzi mwenye daftari na kinasa sauti aweza kuuliza maswali machache: Jina lako nani? Ilimba hii ilichongwa na nani? Nani alikufundisha? Kikundi chenu kilianza lini, nani alitoka, nani aliingia? Wimbo huu ni wa nani, na mkilipwa mwagawana vipi? Maswali hayohayo ndiyo waulizwayo vijana wa Manchester. Hayadai ala za gharama, yadai kwamba muulizaji aamini kwamba aliye mbele yake ni msanii, wala si mfano wa kabila.

Basi methali irudishwe kwa wenyewe. Mcheza kwao hutunzwa, ikiwa kwao yuko mtu wa kumtambua. Wageni wamemtunza Hukwe kwa kadiri yao, na deni lao wamelipunguza. Deni lililobaki ni la wasomao na kuandika Kiswahili, na kila mwaka mzee mmoja wa zeze akizikwa katika Ugogo pasipo jina lake kuandikwa, deni hilo huongezeka.