Kudesa kesi ya ndoa ya mtu

Jamani wadau, leo sina habari za bumu wala foleni ya kafeteria. Nina dukuduku, na nisipolitoa silali.

Jana pale kwenye msaada wa sheria alikuja mama mmoja. Miaka kumi na saba ya ndoa, mume kamwambia achukue nguo zake aondoke. Eti nyumba haimhusu kwa sababu hajawahi kuwa na mshahara. Mwenzetu mmoja (simtaji, anajijua) akatoa simu, akaimwagia ChatGPT kila kitu: jina la mama, la mume, la watoto, mtaa, mpaka ugonjwa wa mume. Dakika mbili, ombi la talaka tayari! Kiswahili kimenyooka kuliko changu. Mama wa watu akafurahi...

Mimi nikalisoma. Kwanza, limesema mali ya ndoa hugawanywa nusu kwa nusu. Sheria ya wapi hiyo? Ya kwetu ni Sheria ya Ndoa ya 1971, na kile kifungu cha 114 tulichokariri wote kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi. Pili, baraza la usuluhishi wa ndoa halikutajwa kabisa! Ukiacha sababu chache maalumu, bila baraza kushindwa kuwapatanisha huna ombi la talaka. Tatu, kulikuwa na kesi tamu ya Mahakama ya Rufani, ina namba, ina mwaka. Nikaitafuta TanzLII mpaka macho yakauma. Haipo!!!

Kinachoniuma ni kwamba kesi ya kweli ipo: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango. Ila ukiisoma mpaka mwisho utakuta Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilikataliwa, kwa kuwa alishapewa fedha na mumewe akazitapanya. Kwa hiyo lazima umuulize mteja: mama, uliwahi kupewa chochote? Jana hakuna aliyeuliza.

Mtasema hayo ni ya wanafunzi, mawakili wakubwa hawafanyi hivyo. Wapi! New York mwaka 2023 mawakili walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka kesi hewa mahakamani. Februari 2024 British Columbia, Kanada, ilikuwa kesi ya familia kabisa, baba anataka watoto wake wakamtembelee China. Wakili wake alitaja kesi mbili za kubuniwa na ChatGPT, na jaji akaamuru alipe gharama kutoka mfukoni mwake.

Kuna hoja nyingine nimeichoka: "Huyo mama hana hela ya wakili, si bora hiyo kuliko kukosa?" Hapana! Tajiri akiharibiwa kesi atatafuta wakili mwingine akate rufaa. Maskini ana nauli ya kwenda mahakamani mara moja. Yeye ndiye asiyeweza kulipia makosa yetu.

Sisemi akili mnemba ipigwe marufuku. Hata mimi naitumia kupanga matukio kwa tarehe, au kurahisisha barua ili mteja aielewe. Lakini majina na siri za watu hazitoki mkononi mwangu; siri ya mteja ni kiapo cha kazi tunayoisomea, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Kila kifungu na kila kesi naifungua kwa macho yangu. Na mteja namwambia nimetumia nini, akikataa naacha. Kama huna muda wa hayo, basi huna muda wa kesi yake, mwachie mwingine.

Lile ombi tulilichana. Mama tumemwelekeza aanze na baraza. Hakufurahi kama mwanzo, ila sasa anajua njia.

Wadau, ukidesa mtihani unakula sapu wewe mwenyewe. Ukidesa kesi ya ndoa, sapu anakula mama na watoto wake.

Naomba kuwasilisha. Wa kununa na anune, mimi nawahi semina ya saa moja.