Michezo: Timu Iliyoondokewa na Wafungaji Wake

Hoki ya vyuo vya Marekani huchezwa juu ya barafu, watu sita kila upande, na taabu yake ni kwamba vijana hodari hawangoji kumaliza masomo. Vilabu vya malipo huwachukua mapema.

Tarehe 13 Aprili 2024 Boston College ilishindwa na Denver, mabao 2 kwa 0, katika mchezo wa mwisho wa ubingwa. Muda si muda Will Smith na Cutter Gauthier wakaondoka. Gauthier peke yake alikuwa amefunga mabao 38 msimu ule, kupita mchezaji yeyote wa vyuo.

Mabao kama hayo hayapatikani kwa kuandika jina jipya katika orodha. Yafaa kocha aliyefikwa na jambo hilo ahesabu upande wa pili, yaani mabao yasiyoingia langoni mwake. Washambuliaji warudi nyuma upesi, asiende mbele kila mtu, na mlinda lango apewe kazi aiwezayo. Boston College ilikuwa bado na Jacob Fowler langoni, na msimu uliofuata alifungwa pungufu ya mabao mawili kwa mchezo, kwa wastani. Mbele alibaki Ryan Leonard, akafunga 30.

Timu ikaongoza ligi yake, Hockey East. Lakini Machi 2025 Denver wakawatoa tena, 3 kwa 1, na baada ya hapo Leonard na Fowler nao wakaenda kwenye vilabu vya malipo.