Jina la kutisha si hatari: asteroidi hupataje majina?

Mtu wa Kihurio akisema anakwenda Tanga, wote tunajua atapita Mkomazi, Mombo na Korogwe. Lakini ipo Tanga nyingine isiyofikika kwa basi. Ni jiwe kubwa linalozunguka jua, kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Namba yake ni 1595, na jina lake limetokana na mji wetu huo wa bandari.

Mawe ya namna hiyo huitwa asteroidi. Yapo pia yanayoitwa Pemba, Ruvuma, Mombasa, Kenya na Uganda. Leo tunaeleza majina haya yanatoka wapi, kwa sababu jina moja, Apophis, limekwisha kuwatia watu hofu, na kadiri mwaka 2029 unavyokaribia litazidi kusambaa kwenye simu zetu.

Nani aliita Tanga?

Asteroidi ya Tanga iligunduliwa mwaka 1930 na Cyril Jackson na Harry Wood, wakiwa kwenye kituo cha darubini cha Johannesburg, Afrika Kusini. Jackson ndiye pia aliyegundua Kenya na Uganda mwaka 1933, kisha Ruvuma, Mombasa na Pemba mwaka 1937. Kwa desturi, aliyeona kwanza ndiye anayependekeza jina. Kwa hiyo jina la Tanga halikutoka Tanga, lilitoka kwa wenye darubini.

Ya kwanza kabisa, Ceres, ilionekana Januari 1, 1801 kutoka kisiwa cha Sicily, Italia. Iliitwa kwa jina la mungu wa kike wa nafaka wa Warumi wa kale. Siku hizi Ceres huhesabiwa kuwa sayari kibete. Majina ya miungu yalipoanza kuwa haba, wataalamu wakatumia ya miji, mito, nchi na watu.

Kwanza alama, kisha namba, mwisho jina

Asteroidi mpya ni kama mtoto ambaye bado hajapewa jina. Kwanza hupewa alama ya muda. Chukua 2024 YR4. Tarakimu 2024 ni mwaka ilipoonekana. Herufi Y ni nusu ya pili ya mwezi Desemba, na R4 huonyesha ilikuwa ya ngapi katika siku hizo.

Njia yake ikishajulikana vizuri, hupewa namba ya kudumu. Hapo mgunduzi ana miaka 10 ya kupendekeza jina, na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Anga, yaani IAU, huamua. Jina lisizidi herufi 16, lisitukane mtu, wala lisiwe tangazo la biashara. Mwanasiasa au mwanajeshi husubiri hadi miaka 100 ipite tangu afe. Zenye namba ni zaidi ya 700,000, lakini nyingi bado hazina jina.

Majina hayo hayauzwi. Mtu akikuambia utume fedha kwa simu ili asteroidi au nyota iitwe jina la marehemu mzazi wako, IAU haitakitambua cheti atakachokupa.

Apophis na hofu yake

Asteroidi zinazopita karibu na dunia kwa kawaida hupewa majina ya hadithi za kale. Apophis ni joka la giza katika hadithi za Misri, adui wa mungu wa jua. Asteroidi hiyo ilionekana mwaka 2004, na mwezi Desemba mwaka huo hesabu za mwanzo zilionyesha uwezekano wa asilimia 2.7 wa kuigonga dunia mwaka 2029. Kabla mwaka haujaisha, vipimo zaidi viliondoa hatari hiyo. Jina la joka lilikuja mwaka 2005, hatari ya 2029 ikiwa imeshaondolewa. Mwaka 2021 vipimo vya rada vilithibitisha kuwa haitatugonga kwa angalau miaka 100.

Sasa linganisha na ile yenye alama tu, 2024 YR4. Haina jina la kutisha hata kidogo, lakini Februari 2025 uwezekano wa kuigonga dunia mwaka 2032 ulifika kama asilimia 3, zaidi ya Apophis. Nayo ilipopimwa tena, hatari kwa dunia ikashuka hadi karibu na sifuri.

Kwa hiyo jina hutuambia nani aliita na lini. Halituambii jiwe litafanya nini.

Apophis itapita Ijumaa, Aprili 13, 2029. Kwa saa zetu itakuwa karibu zaidi baada ya saa sita usiku, kuamkia Jumamosi. Itakuwa kilomita kama 32,000 kutoka ardhini, karibu kuliko setilaiti zinazoleta matangazo ya televisheni kwenye madishi yetu. Sehemu kubwa ya Afrika itaweza kuiona bila darubini, kama nukta inayosogea taratibu, masika yakituachia anga.

Ukipokea ujumbe wa kutisha kabla ya hapo, uliza maswali matatu kabla ya kuwatumia wengine: nani amepima, lini, na itapita umbali gani? Kama ujumbe una jina tu bila majibu hayo, usiusambaze.