Kliniki bila kufuli
Ilagala, pale Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, haikufungiwa ndani. Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona Machi 16, 2020, shule zikafungwa, lakini masoko, mitumbwi na dagaa viliendelea na safari zake. Uganda hali ilikuwa nyingine: usafiri wa abiria ulisimamishwa Machi ile ile, yakafuata magari binafsi, na mjamzito akatakiwa kuomba kibali cha serikali ili apelekwe hospitali kwa gari, sharti ambalo Rais Museveni alililegeza Aprili. Sasa mama aliyebeba mtoto wa chanjo tu, asiye na uchungu wala homa, angeombea kibali gani? Kinga huonewa hivyo siku zote; ugonjwa una kelele, sindano ya surua ya miezi tisa haina. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walihesabu watoto milioni 23 waliokosa chanjo za kawaida mwaka 2020, milioni 3.7 zaidi ya 2019. Ilagala isijipongeze haraka, maana hofu ya kupanga foleni na wanaokohoa haihitaji polisi barabarani, na huduma ya mkoba kwenye vijiji vya mwambao hutegemea boti, mafuta na hali ya ziwa, korona iwepo isiwepo. Halmashauri ya Uvinza, ambayo Ilagala imo ndani yake, ingefanya la maana kudai kadi za kliniki za waliozaliwa 2019 na 2020 wanapoandikishwa shule, na muuguzi akae meza ya pili kuwachanja waliokosa.