Asilimia 80 ya Nini?



Kila serikali ipunguzapo kodi hupenda ishukuriwe, nasi watu wa visiwani tu wepisi wa kushukuru. Lakini kabla ya kupiga makofi yafaa tuulize: kodi hiyo ilitozwa vipi, imepunguzwa wakati gani, na fedha zilizokwisha kuchukuliwa zilikwenda wapi? Mfano wetu hauko mbali. Umeanikwa juu ya majamvi yetu.

Waingereza walitoza ushuru karafuu zilizosafirishwa nje. Mwaka 1934 wakaunda Chama cha Wenye Mashamba ya Karafuu, na kwa sheria ya 1937 wakakikabidhi biashara ya nje, hata wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma na Bara Hindi nako karafuu zetu zikasusiwa. Walisema wanamwokoa mkulima na madeni. Pengine walisema kweli. Lakini ashikaye mlango ndiye apangaye kiingilio.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mlango ukapata mlinzi mwingine. Shirika la Biashara la Taifa (ZSTC) likawa mnunuzi wa pekee. Bei ya mkulima ilitangazwa na Serikali. Bei ya kuuzia ng'ambo ilikuwa jambo jingine kabisa. Tofauti ya bei hizo mbili haikuitwa kodi, wala haikujadiliwa na mjumbe aliyechaguliwa, kwani Zanzibar haikuwa na Baraza la Wawakilishi mpaka mwaka 1980. Hata hivyo ilikuwa kodi, tena nzito.

Katika miaka ya 1970 Indonesia ilinunua karafuu kwa wingi kwa ajili ya sigara zake, na hazina yetu ikanenepa. Tukaona majumba ya Michenzani yakiinuka, na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka hiyo, wakati Bara haina televisheni yoyote. Hatusemi kwamba vitu hivyo ni vibaya. Elimu na matibabu bila ya malipo vilimfaa hata mchumaji, na Wete na Chake nazo zilipata majumba yao. Lakini karafuu nyingi zilitoka Pemba, na kijengwacho mjini ndicho kionwacho na mgeni na ndicho kipigwacho picha. Kodi ilitozwa mahali isipoonekana, ikatumiwa mahali ionekanapo. Hiyo ndiyo siasa yenyewe.

Kisha Indonesia ikapanda mikarafuu yake, bei ikaanguka katika miaka ya 1980, na mkulima ambaye hakugawiwa neema akagawiwa hasara. Mikarafuu ikazeeka. Karafuu zikavuka usiku kwenda Mombasa, na Serikali ikapeleka askari badala ya kupeleka bei.

Ilipofika 2011 mkulima akaahidiwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Hapo tulishukuru, nasi hatujuti. Bei ya dunia nayo ilikuwa imepanda, tusilifiche. Lakini wakati wenyewe una maneno: maridhiano yalikuwa Novemba 2009, kura ya maoni Julai 2010, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikaundwa Novemba 2010. Mkarafuu ulikuwa ni ule ule, na jasho la mchumaji lile lile. Kilichobadilika ni kwamba waliochaguliwa na Pemba walikuwa wamekwisha kuingia Serikalini. Basi nani atatuambia kwamba dhulma ya miaka arobaini ilikuwa ni kosa la hesabu?

Na hiyo asilimia 80 ni ya nini? Mkulima huiona sehemu yake; nzima haioni. Tunalodai ni dogo: bei ya kuuzia ng'ambo ibandikwe katika kila kituo cha kununulia karafuu, kando ya mizani, pamoja na gharama zilizokatwa, ili mwenye gunia ajue kilichobaki ni kiasi gani na kimetumiwa wapi. Wajumbe waliulize hilo Barazani wakati wa bajeti, na matawi ya Pemba yaliulize vituoni kabla ya uchumaji kuanza.